Mnara wa Upepo Unataka Mwenyewe

Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio pwani kusini-mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24. Hata alfajiri, wakati ambao mja hutarajia nafuu, hapakuwa na nafuu. Wataalamu wa hali ya hewa walisema haijawahi kupimwa duniani siku ambayo joto lake la chini kabisa liko juu namna ile.

Sisi tunakaa Seeb, upande wa pili wa Maskati. Kiangazi kile kilitukuta katika nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba, paa tambarare lililoanza kuiva tangu asubuhi, na eisii, yaani kiyoyozi, kila chumba. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikuwa akihama na mkeka wake. Chumbani baridi ilimuuma magoti, ukumbini joto lilimbana kifua.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "nyumba hii ina majira mawili tu, barafu na tanuri."

Ijumaa iliyofuata, baada ya pilau, mume wangu akatangaza kuwa kile kiwanja chetu cha karibu na bahari tutakijenga, na tutajenga nyumba ya Kiarabu ya kweli. Kahawa ikamiminwa, halua ikafunuliwa, na majadiliano yakaanza.

Mume wangu alitaka barjili, yaani mnara wa upepo, kama zile alizoziona Dubai katika mtaa wa Al Fahidi, walizozijenga wafanyabiashara waliovuka bahari kutoka Bastak, Uajemi, mwishoni mwa karne ya 19. Kijana wetu, mhandisi wa umeme, alitaka paneli za sola juu ya paa, sensa kila pembe na mota za kufungua na kufunga madirisha. Binti yetu alikuwa anasoma vitabu vya Hassan Fathy, yule msanifu majengo wa Misri aliyejenga kijiji cha Gourna Mpya kwa matofali ya udongo, naye alitaka mashrabia za mbao zinazopitisha upepo na kuzuia macho ya wapita njia. Mimi nilitaka jiko lisilopika nyumba nzima. Bibi alitaka behewa katikati, la kukaa jioni, mfano wa lile la nyumba aliyozaliwa Malindi, Unguja.

"Na baraza," akaongeza. "Mtu akija asisimame juani akingoja mlango."

Yote yalikubaliwa, maana yote yalikuwa yanaelekea mahali pamoja. Madirisha ya nje yakawa madogo, ya ndani yakawa makubwa na kutazama behewa. Kuta zikawa mbili mbili zenye kizuia joto katikati. Paa likapakwa rangi nyeupe. Kuta za behewa zikapigwa lipu ya kienyeji ya Oman, ile ya udongo unaochomwa kwa magogo ya mitende na kusagwa, ambayo wazee waliitumia katika mifereji ya falaji na katika ngome. Paneli za sola zikaombewa kibali chini ya mpango wa Sahim, ulioanzishwa mwaka 2017 ili mwenye nyumba aweze kuuingiza umeme wake wa ziada katika gridi. Na katikati ya yote ukasimama mnara.

Kazi ya mnara ni hii. Upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini na hauna vumbi jingi. Barjili huinuka juu ya mapaa, ikawa wazi pande zote nne, na ndani yake kuta mbili hukatana msalaba na kuigawa kuwa njia nne. Upepo utokao popote hukutana na uso mmoja, ukasukumwa chini mpaka chumbani, na hewa iliyochoka ikatolewa kwa upande wa pili. Haina mashine wala bili. Pwani yetu ina upepo wa bahari wa alasiri, na huo ndio tuliouelekezea mnara.

Ujenzi ulikuwa katikati Bibi alipoletewa simu, Desemba 2020, kutazama picha za Beit al-Ajaib. Jumba lile alilijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, likawa la mwanzo Unguja kuwa na umeme na lifti. Ujuzi wa zamani na mitambo mipya chini ya paa moja. Sasa upande wake mmoja ulikuwa umeanguka kifusi. Bibi aliitazama picha ile muda mrefu, akairudisha simu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema. "Hii yenu nayo nani ataiangalia?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hatukuona bado kuwa ni swali la ujenzi.

Tulihamia mwaka 2021, kabla joto halijapamba moto. Siku ya Alhamisi jioni Bibi alitia udi katika chetezo, akakiweka sakafuni katika majlisi, ukumbi wa wageni, sawa na mdomo wa mnara. Moshi ukapanda. Ukaingia kwenye mnara vizuri, mstari mwembamba wa buluu. Kisha ukarudi. Ulishuka pembeni mwa ule uliokuwa unapanda, ukatandaa chini ya dari, ukashuka mpaka usawa wa macho yetu. Bibi alikaa akiutazama.

"Moshi huu hauna pa kwenda."

Kijana wetu alipanda juu na tochi. Akakuta kwamba zile nafasi nne zilizo wazi, tulizoziona kutoka barabarani, zilikuwa vijishimo tu vilivyopigwa lipu nyuma, na juu kabisa pamefunikwa kwa bamba la zege. Mnara wetu ulikuwa sanduku. Mkandarasi alipoitwa hakuona ajabu. Alisema barjili wanazojenga siku hizi ni za pambo, na wengi huzitumia kufichia tangi la maji na mashine za eisii. Aliuona mchoro wetu akadhani ni pambo vile vile. Na kweli, ukipita katika mitaa mipya ya Ghuba utaona minara mingi mizuri ambayo haijapata kupitisha upepo hata siku moja. Umbo limebaki, kazi imesahauliwa, na mafundi hawana lawama peke yao, maana wenye nyumba nao huomba umbo.

Mume wangu alikuwa tayari kuuacha. Fanicha zimeshaingia, zulia limeshatandikwa. Bibi akasema yeye katika majlisi ile haingii mpaka moshi upate njia. Basi fundi mmoja mzee, mtu wa Kerala, akaletwa na mashine ya kuvunjia zege. Vumbi lilishuka kwa njia ile ile ambayo upepo ulitakiwa kushukia, likaingia kwenye makochi, kwenye vikombe, kwenye masikio ya paka. Nilifua mapazia yote upya. Lakini alasiri uso wa upande wa bahari ulipofunguka, Bibi alikirudisha chetezo chake mahali pale pale, na safari hii moshi haukupanda. Ulilala sakafuni, ukakimbia kuelekea mlango wa behewa, ukatoka nje. Fundi alicheka kwa furaha, akaomba kukaa kidogo pale chini upepo unapotokea. Tukamletea maji, na sote tukakaa.

Mwezi Julai kijana wetu aliuongezea mnara ujuzi wake. Alikuwa amesoma kuhusu mnara wa Masdar, Abu Dhabi, wenye urefu wa mita 45, ambao sensa zake hufungua vibao upande wa upepo na kuvifunga upande mwingine, na juu yake pana mabomba ya kunyunyiza ukungu wa maji ili hewa ipoe inaposhuka. Dada yake naye akamwonyesha kuwa Hassan Fathy alilipenda wazo hilo zamani. Yeye alipitisha upepo kwenye mkaa uliolowana. Basi ukafungwa mtambo: vibao vyenye mota, vinyunyizio na programu kwenye simu.

Siku ya kujaribu ilikuwa siku ya gharbi, ule upepo mkali unaotoka jangwani na kukausha midomo. Maji yakanyunyizwa na hewa ikashuka baridi, safi, hata Bibi akajifunika leso mabegani. Mume wangu alimshika mwanawe mkono mbele ya wageni. Siku zile mbili tatu za gharbi nyumba yetu ilikuwa ya raha kuliko zote mtaani.

Gharbi ikakatika, na bahari ikaleta hewa yake ya Julai, nzito, yenye unyevu. Programu haikujua kuwa hewa imebadilika. Ilikuwa imeambiwa itazame joto peke yake: nje pakipoa kiasi fulani usiku, fungua vibao, nyunyiza. Ikafanya hivyo kila usiku kwa uaminifu, huku eisii za vyumbani zikiwaka.

Asubuhi moja kuta zilikuwa zinatoka maji. Vioo vilikuwa vyeupe. Nyuma ya kabati la nguo pamefanya ukungu mweusi unaonuka. Kasha la Bibi la mvule, lililokuja naye kutoka Unguja, limetokwa na kutu ya kijani kwenye njumu zake zote za shaba, na zile leso alizozihifadhi ndani tangu ujana wake zimepata madoa. Bibi mwenyewe aliteleza kwenye vigae karibu na mlango, na kama binti yetu hakuwa nyuma yake tungekuwa na msiba wa nyonga iliyovunjika.

Siku ile baba na mwana walirushiana maneno.

"Mnara hauna kosa, Baba. Sensa pia hazina kosa, joto zimelipima sawasawa."

"Basi kosa ni la nani? Nyumba inalia maji!"

Jibu lilikuwa katika hewa yenyewe. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 28 au chini yake. Kuta zetu, zilizopozwa na eisii, zilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Kila pumzi ya bahari tuliyoikaribisha kwa mnara ilikuja na ndoo yake ya maji, na sisi juu yake tukanyunyiza mengine. Kule Misri ya ndani, au siku ya gharbi, hewa kavu huyanywa maji na kupoa. Pwani mwezi Julai hewa imeshashiba.

Aliyetufumbua macho kabisa ni jirani yetu, mzee wa Seeb, mvuvi wa zamani, aliyekuja kumjulia hali Bibi. Alipoingia akanusa ukungu, akatazama juu.

"Mbona mnara wenu uko wazi mwezi huu?"

Akatueleza alivyokua katika nyumba za makuti ya mtende za pwani ya Batina. Upepo ulikuwa na nyakati zake na watu walizifuata. Kuna miezi ya kuuingiza na miezi ya kuuzuia. Baridi ikija tundu hufungwa kwa mbao au kwa nguo nzito. Usiku wa joto hulalwa juu ya paa. Na kiangazi kikizidi, wenye uwezo huiacha pwani wakahamia kwenye mashamba ya mitende, wakarudi baada ya mavuno ya tende. Watu walihama ndani ya nyumba kwa saa, na nje ya nyumba kwa msimu.

"Ami," mwanangu akamwuliza, amekaa chini karibu na kiti chake, "nani alikuwa anafunga?"

"Yeyote aliye nyumbani. Mama, mtoto, mimi. Hata kipofu alikuwa anajua, anausikia upepo usoni."

Nilimwona mwanangu anaandika maneno yale kwenye simu yake. Siku ya pili alivitoa vinyunyizio kwenye programu, akaanza kutafuta sensa za unyevu. Kabla kazi haijakwisha, Oktoba ikaingia.

Tarehe 3 Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batina. Wenzetu wa Suwaiq na Khaburah walipata makubwa: maji yaliingia majumbani, magari yakaelea, watu wakapotea. Yetu Seeb yalikuwa madogo, na nayasimulia kwa kuwa yana funzo. Mvua ilianza kwa kishindo na vibao vya mnara vilikuwa wazi. Kijana akabonyeza simu yake vifungwe, na katika dakika ile ile umeme ukakatika. Mota zikafa nusu ya njia. Maji yakashuka katika mnara moja kwa moja mpaka majlisi. Tuliinua zulia sote, tukapanga masufuria na mabeseni, wanaume wakaning'iniza turubai chini ya mdomo wa mnara ili maji yaelekee mlangoni. Behewa nalo likaanza kujaa, kwani majani yalikuwa yameziba mchirizi, na Bibi, amesimama kwenye ngazi na taa mkononi, ndiye aliyeonyesha kwa kidole mahali pa kuzibua.

Asubuhi jua likatoka. Umeme haukurudi. Mume wangu alisimama uani, akatazama zile paneli zinazometa juu ya paa.

"Jua hilo pale, paneli hizo pale. Umeme uko wapi?"

Mwanangu akamweleza: mfumo uliounganishwa na gridi bila betri hujizima gridi ikizimika, na ni kwa wema, ili fundi anayeshika nyaya zilizokatika asiuawe na umeme unaotoka kwenye paa la mtu. Hakuna aliyetutajia hilo siku ya kuzifunga. Basi teknolojia yetu yote, ya mota, ya simu na ya jua, ilikuwa imelala. Kilichobaki macho ni mnara, behewa na kuta nene.

Na hapo ndipo nyumba ilipotufaa. Mwanangu alipanda, akazitoa mota, akavifunga vibao kamba ndefu iliyoshuka mpaka chini. Ukivuta vinafunga, ukilegeza vinafunguka. Upepo wa Oktoba si wa Julai; ulishuka mwepesi, majlisi ikakauka, tukatandika mikeka tukalala. Majirani, ambao nyumba zao hazikaliki bila eisii, wakaja na samaki na nyama zilizokuwa zinayeyuka kwenye friza zao. Tukachoma yote kwa mkaa behewani. Nusu ililiwa pale na nusu vijana wakaipakia kwenye magari, pamoja na maji na mablanketi, wakaelekea barabara ya Batina kama walivyofanya vijana wa Oman nzima wiki ile.

Umeme uliporudi tulikaa tena kikao, na jirani yetu mzee tukamwita. Safari hii hatukuzungumza nyumba iweje, tulizungumza sisi tuikae vipi. Nyumba ikagawanywa kwa mlango mmoja mzito usiopitisha hewa: upande wa majlisi na behewa ni wa upepo, upande wa vyumba vya kulala ni wa eisii, na hewa mbili hizo hazikutanishwi tena. Kuanzia Novemba mpaka Machi eisii hazina kazi. Machipuko, na tena Oktoba, mnara hufunguliwa alasiri. Kuanzia Juni hadi Septemba hufungwa, eisii huendeshwa na sola wakati jua liko juu, na kuta nene huibeba baridi ile mpaka usiku. Siku ya gharbi mnara hufunguliwa kwa vinyunyizio, kisha hufungwa gharbi inapokatika. Sensa za unyevu zinatoa taarifa kwenye simu, na mkono wa mtu ndio unaoamua. Tuliongeza betri na swichi ya kuitenga nyumba na gridi, ili siku ya giza jua letu litufae. Na kabla ya kila msimu, mchirizi husafishwa.

Mwaka ule ule wa 2021 serikali ilianza kuipunguza ruzuku ya umeme hatua kwa hatua, na nyumba nyingi zikaanza kuzisoma bili zao kwa makini. Yetu ilishuka, hasa katika miezi ambayo zamani tulikuwa tunawasha eisii kwa mazoea tu. Lakini faida ninayoithamini zaidi ni kuwa watoto wetu sasa wanajua upepo unatoka wapi.

Ninaziamini teknolojia mpya kwa moyo wote. Minara ya Al Bahar ya Abu Dhabi, iliyokamilika mwaka 2012, imevaa mashrabia zaidi ya 2,000 zinazojikunjua jua linapozifikia na kujikunja linapopita, na ni kazi ya kujivunia kwa kila anayeipenda sanaa ya Waarabu. Lakini jengo kama lile lina watu walioajiriwa kulitunza. Nyumba ya mtu ina familia tu. Wazee hawakuwa na nyumba baridi kwa sababu ya mnara. Walikuwa nazo kwa sababu kila aliyekaa ndani alikuwa na sehemu ya kazi: kufunga, kufungua, kumwagia behewa maji, kuhama na kivuli. Tunapouchukua mnara tukaiacha kazi ile, tunachukua umbo. Na tunapoiachia mashine kazi yote, tunalala usingizi unaokatizwa na mvua ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wanaojenga, hapa Oman na kule kwetu Unguja ambako mawe ya matumbawe na chokaa bado yanasimama: mwiteni mhandisi, na mwiteni mzee wa mtaa, muwakalishe meza moja kabla ya jiwe la kwanza. Mwulizeni mkandarasi moshi utatokea wapi. Mwulizeni wa sola gridi ikizimika itakuwaje. Kisha mjiulize wenyewe kamba itashikwa na nani.

Shemeji yangu ameanza kuchimba msingi wake huko Barka. Michoro haijakamilika, lakini ratiba ya mnara, mwezi kwa mwezi na jina kwa jina, imeshaandikwa. Bibi ameisoma yote, akaongeza jina la mjukuu wake mdogo kwenye kazi ya mchirizi.